Wakutubi wa vyuo Mtwara na Lindi, uchoyo wa taarifa za mifumo utatumaliza

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimekereka, atakayeguswa anisamehe, na asiponisamehe pia sawa.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Chuo sikitaji, na kampuni nitakayoisimulia siitaji, maana sikuja hapa kuharibia mtu riziki. Nimekuja kuuliza: kwa nini maktaba za vyuo huku kusini zinakalia taarifa za mifumo yao kama nyara za serikali?

Chuo kiliamua tuache CDS/ISIS, ule mfumo wa katalogi za kompyuta wa enzi za UNESCO, twende Koha, mfumo mwingine wa kuendeshea maktaba. Uamuzi mzuri, sina neno. Koha ni ya bure na msimbo wake uko wazi; ilianzia New Zealand mwaka 1999, maktaba ya Horowhenua ilipohofia mfumo wake wa zamani hautavuka mwaka 2000. Kampuni ikaja kutoka Dar, ikahamisha rekodi, ikasainiwa makabidhiano, ikabeba korosho zake, ikaondoka.

Mwanafunzi anatafuta kitabu cha takwimu. Jina linakuja, mwandishi yupo, mwaka upo, halafu chini yake: hakuna nakala. Naenda rafu ya 519.5, namba ya vitabu vya takwimu, nakala zimejipanga hapo zinaniangalia. Tukajaribu uhasibu, ualimu, sheria, kote hivyo hivyo. Maktaba imejaa vitabu, katalogi inasema hatuna hata kimoja! Tukawapigia, wakajibu hiyo ni kazi ya ziada, na ankara mpya ikaja.

Sasa kilichonichoma. Chuo jirani walishapitia tatizo hilo hilo na wakalimaliza. Nimejulia wapi? Msibani, Mikindani, tumekaa mkekani na mwenzetu wa kule. Ananiambia, "Ah, hiyo ni 952 tu, kaka." Nikamwomba aniandikie walivyofanya, ukurasa mmoja unatosha. Jibu: niandike barua kwa mkuu wa chuo chao, ipitie kwa wangu kwanza. Barua! Kwa jambo lililomo kwenye mwongozo wa Koha ambao yeyote mwenye bando anaweza kuusoma.

Haya, mimi nalimwaga hapa bila barua. Koha inayotumia MARC 21, yaani muundo wa kuandika rekodi za vitabu kwa kompyuta ambao kila sehemu ya rekodi ina namba yake, husoma nakala kwenye sehemu ya 952. Rekodi ikiingia bila 952, kitabu kinaonekana lakini nakala hakina. Humo ndani, a ni tawi linalomiliki kitabu, b ni tawi kilipo sasa, y ni aina yake, p ni barkodi. Misimbo ya tawi na aina lazima ifanane herufi kwa herufi na uliyoiweka kwenye mipangilio. ISIS kila maktaba ilijipangia namba zake za sehemu, kwa hiyo asiyekaa chini kuoanisha moja moja lazima apoteze kitu njiani. Faili unaweza kulirekebisha kwa MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi za MARC, nayo ya bure, kisha ukaliingiza upya ukiiambia Koha ikague taarifa za nakala zilizomo.

Na kama rekodi umeziona zimeingia ila ukitafuta hupati kitu, kabla hujamlipa mtu nauli angalia faharasa ya Zebra, injini ambayo Koha huitumia kutafutia vitabu. Mara nyingi inahitaji kujengwa upya tu: koha-rebuild-zebra, ndiyo amri yenyewe, unaongeza -f na jina la maktaba yako kwenye seva. Jamaa wa TEHAMA anamaliza kabla chai haijapoa.

Kuna mengine madogo. Koha iliyofungwa kwa vifurushi vya Debian (aina ya Linux) hutengeneza bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, yenyewe kila siku na kuiweka /var/spool/koha. Sisi hatukuambiwa. Lakini bakapu hiyo inakaa kwenye mashine ile ile, na umeme wa kwetu mnaujua, kwa hiyo inakilini nje ya hapo.

Najua atakuja mtu na hoja ya usalama wa mfumo. Nani kaomba paswedi? Nauliza mmefungiwa toleo gani, mlilipa kiasi gani, nini kiligoma na nani alikitengeneza. Bei ndiyo mnaificha kuliko vyote, na ndiyo maana fundi mmoja anatoza kila chuo anavyojisikia.

Kinachouma zaidi, MARC ilibuniwa miaka ya 1960 pale Maktaba ya Bunge la Marekani, kazi ikiongozwa na Henriette Avram, ili kitabu kikishaorodheshwa mahali pamoja wengine wachukue rekodi. Sisi leo, vyuo vilivyo mkoa mmoja, kila mmoja anagonga kwa mkono kitabu kile kile cha uhasibu, chapa ile ile! Mwaka 2015 watumiaji wa Koha wa dunia nzima walikutana Ibadan, Nigeria, wakafundishana hadharani. Sisi Mtwara na Lindi hata kukutana Mingoyo kwenye samaki wa kukaanga tumeshindwa.

Naanza mimi. Jedwali letu la kuoanisha sehemu za ISIS na MARC nalipandisha hapa wiki hii, likiwa na makosa yake. Mliohama mkiwa Lindi, Masasi, Nachingwea, wekeni ya kwenu chini hapa, na bei mliyolipa. PM sijibu.