Acheni kuwaundia Wagogo asili kwa sababu ya neno "gogo", tumechoka!

Wakuu, mbukwenyi.

Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Kuna andiko linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma, lile linaloanza na JE, WAJUA? kwa herufi kubwa. Linadai kwamba kwa Kizulu "gogo" ni bibi, kwa hiyo Wagogo tumetoka Afrika Kusini. Limeambatanishwa na ramani yenye mshale mwekundu unaotoka Durban na kutua Bahi. Juzi MC mmoja kwenye sendofu huku Nkuhungu kalisoma kwenye maiki kama tangazo la serikali, ukumbi ukapiga vigelegele. Wazee wa bi harusi wako meza ya mbele wanatazamana tu.

Haya, tuongee. Ni kweli Wazulu wanasema ugogo kwa maana ya bibi. Ni kweli Wachewa wa Malawi wana agogo, ila kwao ni babu au bibi, yeyote. Hapo sibishi. Ninachobishia ni huo mshale. Nenda Mvumi ukamuulize bibi wa Kigogo kama kuna mjukuu aliyewahi kumwita gogo, halafu uje hapa na majibu. Kwenye orodha ya lugha za Kibantu ya mwanaisimu Malcolm Guthrie, Kigogo ni G11 na jirani yake Kikaguru ni G12. Kizulu kiko huko S42. Najua herufi zile zinafuata jiografia zaidi kuliko damu, msinirukie, lakini msikilize Mkaguru wa Gairo akiongea dakika mbili, kisha msikilize Mzulu, halafu uniambie ndugu yetu ni yupi.

Na kama kufanana kwa sauti kunatosha, basi msiishie Durban, twendeni mpaka mwisho. Kwa Kigeorgia, huko milima ya Caucasus, gogo ni msichana. Kwa hiyo kwa Wazulu tu vikongwe, Tbilisi tu mabinti! Wajapani nao wana gogo, ni ule muda baada ya saa sita mchana: go ya kwanza ni adhuhuri, go ya pili ni "baada", na kila moja ina alama yake ya kuandikia. Mbona hakuna aliyechora mshale wa Tokyo hadi Manyoni?

Mnataka kuona neno lililosafiri kweli? Wayoruba wana agogo, kengele ya chuma inayogongwa kwa kijiti, na neno hilohilo wanalitumia kwa saa. Watu wao walibebwa utumwani hadi Brazil, na leo kengele hiyo inagongwa kwenye samba kwa jina la agogô. Watu wanajulikana, chombo kinajulikana, njia inajulikana, jina limekaa palepale. Huo ndio ushahidi. Ninyi mna sauti tu na rangi nyekundu ya kuchorea.

Wafaransa nao wana à gogo, yaani tele, bwelele. Linatokana na gogue, neno lao la zamani la furaha na mzaha. Mwaka 1947 Paris kukawa na klabu iitwayo Whisky à Gogo, Los Angeles wakafungua ya kwao mwaka 1964, na ndiko wacheza shoo wa "go-go" walikopatia umaarufu. Pia kwa Kifaransa gogo ni mtu anayedanganywa kirahisi. Hiyo maana namwachia yule MC.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Gogo la mti, kigogo wa chama, Kigogo mtaa wa Dar, Kigogo lugha yetu. Na kuna "kukata gogo", ambako ndiko vicheko vyenu vyote vinakotoka, msijifanye. Utani una watu wake na mipaka yake, mtani wangu akinitania nacheka naye. Lakini kuchukua kichekesho cha chooni ukakivisha koti la historia, huo si utani.

Simulizi tunayoisikia zaidi ni kwamba jina tulipewa na misafara ya Wanyamwezi karne ya 19, njia ile ya Bagamoyo kwenda Tabora, ambapo wazee wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila mpita njia. Kupewa jina na wapita njia ni jambo la kawaida, hilo naliamini. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita mwaka 1857 na kwenye kitabu chake cha 1860 nchi hii ni Ugogo tayari. Ila kile kipande kwamba tuliitwa hivyo kwa kuwa "waliwakuta wamekaa juu ya magogo" kwangu kinanukia maelezo yaliyotungwa baada ya jina kuzoeleka, sawa na yule tembo aliyezama tope Dodoma ikapata jina. Tamu kusimulia, ngumu kuthibitisha.

Kwa hiyo mwenye simulizi za wazee wa Mpwapwa, Kongwa au Manyoni azimwage hapa, na aseme kazitoa kwa nani na kijiji gani. Mwenye ramani za mishale apite kushoto. Na mods, tafadhali, uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho.