Mishale yangu ya mianzi kila mmoja unakwenda njia yake, naomba ushauri

MwanaKonde
Asalaam alaykum wana jamvi. Mie niko Pemba huku kaskazini, nna uta wa mbao wa ratili 35 (ndo nguvu ya kuuvuta) nliletewa na ami yangu, uta wenyewe mzuri mashaallah lakini mishale huku hupati na ukisema uagize nje basi bei na usafiri vinakuvunja moyo, nkaona mianzi si tunayo tele, ntatengeneza mwenyewe kwa mkono. Ni ya shabaha tu si ya kuwinda, tunalenga magunia shambani baada ya alasiri mie na vijana wa mtaani.

Sasa tatizo, wano (ule mti wa mshale) nikilitizama kwa jicho limenyooka safi kabisa, lakini nikirusha mmoja unakwenda kati, wa pili unatoka kushoto, wa tatu unatingisha nyuma njia nzima mpaka unafika kwenye gunia umelala upande. Mkono uleule wa kulia, pahala palepale nilosimama, hatua 20 hivi. Na jengine ule mkato wa nyuma unapokaa upote, yaani kamba ya uta, unanipasukia, ufa unaanza kidogo alafu unashuka na wano zima. Manyoya ni ya kuku wa kienyeji. Anaeijua kazi hii khasa anieleze, nataka niishike vizuri maana hawa vijana wanaipenda na hakuna wa kuwafundisha.

fundi_fito
Waalaykum salaam. Kabla ya yote, hiyo mianzi imekatwa lini na imekaushwa vipi? Na ni ile minene ilochongwa au myembamba?

MwanaKonde
Myembamba ile inayopandwa uzioni, unene wa kidole kidogo. Kaikata mzee mmoja wa shamba jirani, ilikuwa imekaa bandani kwake. Baadhi yake ina vitundu vidogo vidogo ukiigonga inatoka unga.

fundi_fito
Hiyo ya unga itoe yote leo yakhe, hiyo imeliwa na dumuzi, usitie hata mmoja kwenye uta. Dumuzi anafata wanga ulomo ndani ya mwanzi, ndo maana mwanzi haukatwi masika wakati unachipua, unakatwa kiangazi, na unachagua ulokomaa, wa miaka miwili mitatu, si huu mchanga wa mwaka huu ambao ngozi yake bado laini na una yale maganda. Mchanga ukikauka unasinyaa na kupinda na hata ukiunyoosha hautulii.

Ukishakata funga mtumba, ufunge kwa kamba juu, kati na chini, weka kivulini penye upepo, usianike juani, jua linakausha nje haraka ndani bado ndo pale unapochanika. Uwache miezi. Kwetu tulikuwa tunaweka darini juu ya jiko la kuni, moshi unakausha taratibu na wadudu hawaupendi.

Kunyoosha ni moto wa makaa, si wa kuni zenye ulimi. Vaa glavu au shika kwa kitambaa kinene, pitisha mwanzi juu ya makaa huku unauzungusha, usiusimamishe pahala pamoja, mpaka pale palipopinda pawe pa moto sana lakini pasibadilike rangi, kisha pinda upande wa pili ukipitisha kidogo na ushikilie hivohivo mpaka upoe. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, wanaachia bado una moto unarudi ulikotoka. Anza na pingili, yaani baina ya vifundo, vifundo mwisho, kifundo kigumu kinataka subira. Na usiuzamishe ndani ya moto, pingili ina hewa imefungika, ikipata joto kubwa inapasuka kwa kishindo inaweza kukuumiza macho. Ukimaliza yaweke siku kadhaa uyatizame tena, mengine yanarudi kidogo yanataka moto mara ya pili.

Mkaazi wa Wete
Mie nalowesha maji ya chumvi kwenye hori, kama yanavofukiwa makumbi pwani, wanga unapungua dumuzi hana hamu nao.

fundi_fito
Kwa mwanzi mnene wa kujengea sawa. Kwa wano sioni haja, na ukifanya lazima usuuze kwa maji mengi yasiyo na chumvi, chumvi ikibaki ndani inavuta unyevu na hapa kwetu hewa yenyewe ishakuwa na unyevu wa kutosha.

Bi Shabaha
Nyote mmesema vizuri lakini hamjagusa linalomsumbua kaka yetu. Kunyooka peke yake hakutoshi. Kitu kikubwa ni ugumu wa wano, yaani linapinda kiasi gani, na kwamba mawano yote ya seti moja yapinde sawasawa. Mshale ukiachiwa hauendi umenyooka kama fimbo, upote unausukuma kwa nyuma nao unajipinda, unauzunguka uta, alafu unajirudi huku na huku mpaka utulie. Ukiwa mgumu mno kwa uta wako haujipindi vya kutosha, kwa anaevuta kwa mkono wa kulia unatoka kushoto. Ukiwa laini mno unatoka kulia. Kwa hiyo ule wako wa pili ni mgumu, ule wa kwanza uliokwenda kati ndo umeelewana na uta, na huo unaotingisha nyuma unaweza kuwa ni ugumu au ni manyoya.

Pima hivi. Weka misumari miwili ukutani, kati yao inchi 26 yaani sentimita 66, lalisha wano juu yake, katikati ning'iniza uzito wa ratili mbili, gramu 907. Huna mizani? Maji mililita 900 kwenye mfuko wa plastiki yanatosha. Weka rula nyuma uone limeshuka milimita ngapi. Hesabu ni 26 gawa kwa inchi zilizoshuka, unapata ratili za uta unaolifaa. Kwa uta wa 35 ni kama milimita 19, wa 40 ni milimita 16 na nusu. Andika namba juu ya kila wano kwa penseli, alafu yapange makundi, ndani ya kundi moja tafauti isizidi milimita 2. Utashangaa, mianzi ya kichaka kimoja unene mmoja inatafautiana vibaya sana. Zungusha pia robo robo upime kila upande maana mwanzi haulingani pande zote, ule upande mgumu zaidi ndo uuelekeze kwenye uta kila mshale.

Na tafadhali usiuparue mwanzi ngozi yake ya nje ili uulainishe, nguvu kubwa ya mwanzi iko kwenye nyuzi za nje. Vifundo tu ndo upige tupa na msasa mpaka vilingane. Wano likiwa gumu liwache refu zaidi au tia chembe (ncha ya mbele) nzito, likiwa laini lipunguze urefu. Ila hata ukilipunguza libaki refu kuliko mvuto wako, yaani pale unapofikia ukivuta upote mpaka mwisho, kwa sentimita 2 au 3, lisije likaingia ndani ya mkono ulioshika uta.

MwanaKonde
Bi Shabaha Mungu akulipe, hili la kupima sijawahi kulisikia popote. Chembe nifanye za nini?

Bi Shabaha
Kwa magunia msumari wa inchi 3 unatosha, kata kichwa, una kama gramu 6, gundisha ndani ya tundu la mbele ubaki nje kidogo, kisha funga nje kwa uzi wa kushonea nyavu na gundi ili mwanzi usichanike ukigonga. Sehemu nene ya mwanzi iwe mbele. Mshale mzima wa uta wako usipungue gramu 22 hivi, mwepesi sana unaumiza uta. Ukiulalisha juu ya kidole usawazike mbele ya katikati, kwa wano la sentimita 70 iwe sentimita 7 au 8 mbele.

kijana wa Mwanakwerekwe
Manyoya ya kuku ni laini mno kaka, ndo maana mkia unatingisha. Tafuta ya bawa la bata mzinga au bata bukini, yale marefu magumu. Matatu kwa mshale, na yote matatu yawe ya bawa la upande mmoja, kushoto yote au kulia yote, ukichanganya yanashindana. Sentimita 10 mpaka 12 urefu. Moja lisimame kwa kukata msalaba na ule mkato wa upote, hilo liangalie nje ya uta, mengine mawili yagawane nafasi sawa.

fundi_fito
Na kuhusu kupasuka nyuma. Kata mkato mbele yake kuwe na kifundo, karibu sana, chini ya sentimita moja, ufa ukija unakwama pale. Kabla ya kukata ziba tundu la mwanzi kwa kijiti cha mpera kilokauka na gundi, mpera mgumu haupasuki ovyo. Mkato fanya kwa ndimi mbili za msumeno wa chuma ulizozifunga pamoja, kina kisifike sentimita moja, lainisha kwa msasa mdogo, kisha zungushia uzi na gundi hapo chini ya mkato. Uzi huo si pambo, bila yake iko siku upote utalipasua wano mkononi mwako.

Bi Shabaha
Na hilo la mwisho wafundishe hao vijana kabla hujawafundisha kulenga: kila mshale kabla ya kuutia kwenye uta ushike ncha mbili uupinde kidogo pande zote huku unaskiliza. Ukilia au ukaona ufa, uvunje vipande viwili hapohapo asije mtoto akauokota. Mwanzi uliopasuka ukiachiwa unaingia kwenye mkono ulioshika uta, na vipande vyake ni vikali.

MwanaKonde
Nimefahamu na nshaanza kuyatenga yale yenye unga. Swali moja tu, kwa kuzuia unyevu naweza kupaka mafuta ya nazi?

fundi_fito
Hapana, mafuta ya nazi hayakauki, yatabaki yananata na gundi ya manyoya haitashika. Paka vanishi mara mbili, nyembamba, pale pa manyoya pawache pakavu mpaka umalize kubandika.

Mkaazi wa Wete
MwanaKonde bata mzinga wapo kwa jamaa yangu huku Wete, njoo inbox nikuelekeze. Manyoya anayatupa tu.