Naomba ushauri: narekodi blaki metali peke yangu, dramu zimenishinda

Habari zenu wakuu. Nina gitaa moja, kompyuta ya zamani na nyimbo sita za blaki metali nilizotunga mwenyewe, ule muziki mkali wa magitaa, dramu za kasi, mayowe na mashairi ya giza.

Aliyenitia wazimu huu ni Austin Lunn wa Marekani, yule mwenye Panopticon, mradi wake wa muziki wa mtu mmoja. Albamu yake ya 2012, Kentucky, inachanganya kelele za blaki metali na banjo za milimani, ikisimulia wachimba makaa ya mawe na mapambano yao. Sikujua vitu hivyo vinaweza kukaa chungu kimoja. Kisha 2023 akatoa The Rime of Memory, nyimbo ndefu ndefu za majira ya baridi. Naisikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa.

Sasa shida. Lunn dramu anazipiga mwenyewe, tena kwa mikono hasa. Mimi sijui hata kushika fimbo. Natumia programu, na nikiongeza kasi inalia kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Kuna kijana anapiga dramu kanisani, anajua kweli, ila nikimwita mradi bado utakuwa wa mtu mmoja? Na atakubali nikimwonyesha mashairi?

La pili ni sauti. Nimepanga chumba kimoja. Juzi nilipojaribu kupiga yale mayowe, mama mwenye nyumba alikuja mbio na majirani wawili, akidhani nimepandisha mashetani. Nyinyi mnaorekodi nyumbani mnajificha wapi? Blanketi linatosha, au niazime gari la mtu?