Bili ya chuo ya binti yangu imenichanganya, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Binti yangu anaanza mwaka wa kwanza chuoni, na ndiye wa kwanza katika familia yetu, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kumuuliza. Jana kanionyesha bili kwenye simu. Ada ya masomo naielewa, bweni pia, lakini chini yake kuna usajili, maktaba, maabara, halafu bima ya afya. Bima anayo tayari kupitia kazini kwangu! Nikipeleka kadi wataifuta, au ndiyo nalipa mara mbili?

Kinachonikosesha usingizi hasa ni mkopo. Umeshaidhinishwa, ila kwenye bili umeandikwa "unasubiriwa" na jumla haijapungua hata senti. Nilipe yote nije kudai baadaye, au nilipe tofauti tu? Nikisubiri mkopo uingie, tarehe itapita na faini itanikuta.

Nilipiga simu ofisi ya uhasibu, wakasema hawaongei na mzazi bila idhini ya mwanafunzi. Sawa, ni mtu mzima, lakini mlipaji si mimi?

Mliowahi kulipa kwa awamu, mliomba kabla ya usajili au baada?