Mrejesho: yule kasisi wa Yorkshire nimempata

Habari zenu wapendwa. Niliomba msaada wa kumtafuta babu wa babu yake mume wangu, kasisi wa Kianglikana huko Yorkshire, Uingereza. Aliyenielekeza kwenye orodha ya makasisi ya Crockford, iliyoanza 1858, Mungu akubariki: nimekuta chuo alichosoma na mwaka aliopewa ushemasi. Sensa ya 1881 ndiyo iliyonitoa machozi. Nyumba nzima imo: mke, watoto sita, mpishi, yaya, na binti wa kazi wa miaka 14. Huyo mtoto namfikiria hadi leo. Kwa wazazi wa kasisi nimekwama. Walifunga ndoa 1829, lakini majina ya baba za maharusi yalianza kuandikwa kwenye vitabu vya ndoa Julai 1837 tu. Asanteni mno.