Akaunti moja ya wote, au kila mtu na yake? (Ofisi, Lamu)

Mwana_Shela: Asalaam alaykum. Tumenunua kompyuta ya pili ya ofisi. Mpaka leo sote twaingia kwa akaunti moja, paswadi imebandikwa nyuma ya skrini. Niache hivyo au nifungulie kila mtu yake? Nataka kuamua kabla ya Jumatatu.

Fundi_Malindi: Waalaykum salaam dada. Mko wangapi? Mfumo wa kompyuta ni Windows au Linux? Mnaweka nini humo? Bila hayo tutapiga ramli.

Mwana_Shela: Samahani. Tuko sita, kwa zamu. Windows. Hesabu za mashua, na nakala za pasipoti za wageni.

Fundi_Malindi: Pasipoti! Basi kila mtu na yake, akaunti za kawaida, usimamizi ubaki kwako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yakuhusu.

Jahazi: Yakhe, mwazidisha. Wageni wamesimama kaunta, nyinyi mwatoka akaunti hii na kuingia ile. Akaunti moja, paswadi ndefu, ibadilishwe kila mwezi.

Bi_Mokowe: Jahazi mwanangu, nisikize. Nilikofanya kazi tulikuwa wanane, akaunti moja. Asubuhi tukakuta malipo ya mvuvi yameandikwa 1,450 badala ya 14,500. Historia ya faili yasema: jina la ofisi, saa tatu usiku. Nani sasa? Kijana wa zamu akashukiwa, akasimamishwa. Mamake alikuja, akakaa kibarazani na buibui lake, hakusema neno. Wiki mbili baadaye mwenzetu akakumbuka alifungua faili lile nyumbani kwa simu, kidole kikafuta sifuri. Kijana hakurudi tena. Nikimwona Mokowe jetini huinamisha macho.

Jahazi: Pole sana mama. Lakini hapo mngebadilisha paswadi mara kwa mara...

Fundi_Malindi: Wote wanane wangepewa hiyo mpya! Na kubadilisha kila mwezi, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza tangu 2017. Watu huongeza namba tu mwishoni.

Kipepeo: Na msimbo wa pili, ule unaoulizwa baada ya paswadi? Msitegemee SMS, wekeni programu ya simu inayotoa tarakimu 6 mpya kila sekunde 30. Haihitaji intaneti.

Mwana_Shela: Akaunti ya kupokea nafasi za wageni ni moja tu, msimbo huenda kwa simu ya bosi. Naye akiwa kisiwani Pate hapatikani.

Jahazi: Pate mtandao upo, inategemea laini. Yeye yuko upande gani, Faza au Siyu?

Bi_Mokowe: Jahazi, labda asema Pate mjini; Faza ni mji mwingine wa kisiwa hicho.

Fundi_Malindi: Dada, hiyo Windows ni toleo la Home (la nyumbani) au Pro (la kazini)?