Kababu za duara zinanifumukia, wakwe wanakuja Jumapili: nisindikize na nini?

Ngosha_Buzuruga: Wakuu, heshima kwenu. Jumapili wakwe zangu wanatoka Sengerema kuja kumwona mtoto. Mke wangu ana wiki tatu tangu ajifungue, kwa hiyo jikoni nipo peke yangu. Nimepanga kababu za duara ndani ya rosti, watu nane. Jana nilijaribu, zikagusa mafuta zikafumuka, sufuria ikabaki na uji. Naombeni msaada: nifanyeje zisifumuke, na nisindikize na wali, ugali au viazi?

Mama_Wawili: Hongera kwa mtoto, baba. Nyama ikishasagwa ikamue maji. Kilo moja tia yai moja na mkate mkavu uliofikichwa. Kanda mpaka ing'ang'anie mkononi, viringisha, weka frijini nusu saa. Mafuta yapate moto kweli, na usijaze sufuria.

Mzee_wa_Kirumba: Ugali wa udaga, ule wa unga wa muhogo. Msukuma hajala kama hajagusa ugali. Nilipokwenda ukweni mara ya kwanza nilipewa wali, nikarudi kwangu nikasonga ugali saa nne usiku.

Bwiru_Kwetu: Wakwe wanakuja, mwanaume yuko jikoni? Dada zako wako wapi?

Mama_Wawili: Mwache apike. Mzazi bado mbichi huyo.

Fundi_Rosti: Mtoa mada, ni nyama gani? Ya ng'ombe ikikandwa vizuri haifumuki kirahisi hivyo.

Ngosha_Buzuruga: Ya kusaga tu, mkuu.

Fundi_Rosti: Nimeuliza nyama gani.

Ngosha_Buzuruga: Sawa. Sangara. Na si minofu, nimekwangua kwenye mapanki. Ndoo nimeshanunua, iko kwenye barafu. Samaki ni yuleyule ambaye minofu yake imepanda ndege kwenda Ulaya, kwenye mifupa nyama bado ipo. Mwezi huu ng'ombe kilo tatu sina uwezo. Kubadilisha sibadilishi, nisaidieni zisimame tu.

Bwiru_Kwetu: Mapanki kwa wakwe! Kopa, ndugu yangu. Heshima ya mkwe hairudi.

Mzee_wa_Kirumba: Mapanki yamelea watoto wengi mji huu. Sisi tulikuwa tunagombania vichwa.

Sukari_Kidogo: Hii chai, stori ya kutunga. Ilianza nyama, ikawa sangara, sasa mapanki. Nani anakwangua ndoo nzima huku ana mtoto mchanga ndani? Na watu wa Sengerema wana ziwa lao, waje Mwanza kula mifupa?

Fundi_Rosti: Hata mimi nimeanza kuonja majani.

Ngosha_Buzuruga: Si chai. Nimeanza saa kumi na moja alfajiri, na kijiko. Kidole gumba kimechomwa na miba miwili, mmoja bado umo. Nyama inayotoka ni ya uzi uzi, inateleza kama ute wa yai. Kuna jambo sijasema. Zamani wakiishi hapa Mwanza, mama mkwe alimsomesha mke wangu kwa kukaanga mapanki. Sijui atafurahi, au ataona namrudisha kwenye shida zake.

Mama_Wawili: Baba, hapo ndipo ungeanzia. Mwambie mapema, asije kukutana nayo mdomoni. Anayajua kuliko sisi, ukimficha ndiyo dharau yenyewe. Sasa sikiliza. Samaki ana maji mengi. Mapanki yasiyokwanguliwa yapike kwa mvuke kidogo, nyama itaachia, ichambue kwa vidole mwiba kwa mwiba. Uliyokwangua mbichi ikamue kwenye kitambaa. Mkate acha, ponda viazi mviringo vilivyopoa, tia yai, tangawizi, kitunguu kilichokamuliwa. Kaanga, kisha uziweke kwenye rosti dakika za mwisho. Usikoroge na mwiko, tikisa sufuria. Pembeni ugali wa udaga, mchicha, kachumbari yenye ndimu nyingi. Wali hapana, mchuzi wa samaki unataka tonge.

Fundi_Rosti: Na uwahi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Wanaweza kukukuta unamenya vitunguu.

Sukari_Kidogo: Miba miwili kwenye kidole, halafu unachapa uzi mrefu hivi?

Ngosha_Buzuruga: Nachapa kwa kidole cha kati. Nimejaribu tatu na viazi: moja imefumuka, mbili zimesimama. Mama mkwe nimempigia. Kauliza kama vichwa nimetupa. Nimemwambia bado vipo, kasema nisiviguse mpaka afike.